Askari Watatu Ndani ya Kompyuta ya Mjukuu Wangu

Katika ukoo wetu mtu akiibiwa kuku hatuulizi aliyeiba ni nani. Tunauliza nani atalinda banda. Tunaweka askari, na askari anakula mayai. Ndivyo tulivyoishi tangu babu wa babu yangu alipotembea kutoka Sudani nyuma ya bendera ya watu wengine, na mpaka leo kazi nyingine haijatuingia vizuri. Baba yangu alikuwa askari. Mume wangu, Mungu amrehemu, askari. Mwanangu ni polisi. Binti yangu ameolewa na mtu wa kampuni ya ulinzi, yule anayepiga pasi sare hata siku ambayo haendi kazini. Mdogo wangu alikuwa askari jela pale Luzira mpaka akastaafu, na sasa anaamka alfajiri kukagua migomba yake kama vile kuna mmoja anayepanga kutoroka.

Majina yao ninayo. Ninayo ya wake zao pia, na ya majirani wa kila kambi niliyowahi kupikia. Shuleni sikukaa sana, walinitoa darasa la tatu nikabebe mtoto wa mama mdogo, lakini jina likiniingia halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Bado tunakula sikukuu pamoja, na mimi nyama wanayoniletea naipenda.

Habari yenyewe ni ya kompyuta ya mjukuu wangu, binti wa huyu mwanangu polisi, ambaye anaishi nami hapa Kyebando. Alipomaliza chuo baba yake alimnunulia kompyuta ya kukunja, ya mkono wa pili, imechubuka pembeni kama ndoo ya bomba. Aliileta ameifunika kwa taulo. Na kabla mtoto hajaigusa, mwanangu alikaa kwenye kiti changu akaitia askari ndani. Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba kuna wezi wanaopita kwenye intaneti wakaingia kwenye kompyuta za watu, na kuna programu za kuwazuia, kazi yao ni kukagua kila kinachoingia na kila kinachoguswa. Akaifunga programu yake kwa neno la siri, binti yake asije akaiondoa kwa ujinga.

Wiki iliyofuata akaja mkwe wangu, wa kampuni ya ulinzi. Akaitazama kompyuta, akasema polisi hawalindi, polisi wanakuja mwizi akishalala kwake. Akatia askari wa kwake, naye akafunga kwa neno lake. Mdogo wangu wa Luzira aliposikia, alipanda boda mpaka hapa. Akasema hao wawili wanatazama mlango tu, je, aliyekwisha kuingia anatazamwa na nani? Akatia wa tatu. Alisaidiwa na kijana wa duka la simu kwa njia ya simu, wakipigiana makelele, lakini alimtia.

Hakuna aliyemtoa wa mwenzake. Kwetu hiyo ni adabu. Alichokiweka shemeji yako au mjomba wako hukigusi, unaweka chako juu yake. Nenda ukaone kuta za nyumba zetu, saa ya ukutani juu ya saa ya ukutani, na zote hazipatani.

Basi wakasahau. Na kompyuta yenyewe haionyeshi chochote. Ukiitazama unaona picha ya maua na vialama viwili vitatu pembeni, kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Lakini ilikuwa haiendi. Asubuhi mjukuu wangu anaiwasha, mimi natawadha, naswali, nawasha sigiri ya mkaa, chai inachemka na tangawizi yake, nafagia uwanja, nagombana na jirani juu ya maji machafu anayoyamwagia upande wangu, narudi ndani. Mashine bado inaamka. Feni yake inaunguruma kama lori la matofali kwenye kilima, na upande ule inakotokea hewa ya moto, paka wangu amejikunja, amefumba macho, anamshukuru Mola wake. Paka ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyeifurahia kompyuta.

Tungeweza kuishi hivyo. Tumeishi na mengi yasiyokwenda. Lakini ulikuja ule mtihani.

Kuna kampuni inayowaajiri watu kusikiliza sauti zilizorekodiwa, watu wanaongea tu mambo yao, na kuandika neno kwa neno wanayosema. Wanataka Kiswahili na Kiganda. Mjukuu wangu amekulia kwenye nyumba za polisi, upande huu mama wa Gulu, upande ule baba wa Kongo, mbele Mkenya anayeuza mitumba. Kiswahili cha kila mguu uliokanyaga Kampala anakisikia, hata kile cha mlevi. Kazi yenyewe unaifanyia nyumbani, mezani kwangu, huku unanusa maharage. Lakini kwanza mtihani, Alhamisi asubuhi, kwenye kompyuta. Sauti inakuja nawe unaandika huku inakimbia. Ukibaki nyuma haikusubiri, na ukishindwa hakuna kurudia.

Upande wa pili wa Alhamisi alikuwa amesimama binti yangu, senga wa mtoto. Senga kwetu Kampala ni shangazi, ndiye anayempangia msichana maisha yake, na huyu wetu hupanga hata yasiyo ya msichana. Alikuwa amepata wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za ndani. Picha za pasipoti zilikwisha kupigwa, mtoto amefungwa mtandio mpaka kidevuni, macho kama ya mbuzi aliyeona kisu. Na mwanangu alikubali. Alisema akiukosa huo mtihani wa kompyuta, basi aende, wenzake wamekwenda.

Ni kweli wamekwenda. Wasichana wa barabara hii waliokwenda ninawajua kwa majina. Wako waliorudi na masanduku wakawajengea mama zao. Yuko mmoja aliyerudi, na mpaka leo kengele ya mlango ikilia anasimama ghafla na kushika ufagio. Na ninaposema ninajua majina, sisemi ya waliorudi tu.

Jumatatu kampuni ile iliwapa jaribio la mazoezi, lisilohesabiwa. Nilikaa pembeni nikichambua mchele. Sauti ikaanza, mtu anaongea habari za shamba lake, mjukuu wangu anaandika, vidole vinakwenda vizuri. Kisha maneno yakaacha kutokea. Yeye anabonyeza, kioo hakiandiki. Sauti ikakatika kama mtu aliyeshikwa koo, ikarudi, ikakatika. Maneno aliyoyabonyeza yakatoka yote kwa pamoja, yamechelewa, na wakati huo mwenye shamba yuko kwingine kabisa, anaongea juu ya ndoa yake.

Mtoto hakulia. Aliondoa mikono kwenye mashine akaiweka mapajani.

"Jajja," akasema, ndivyo anavyoniita bibi yake, "hivi Uarabuni wanapika wali wa namna gani?"

Nikampigia mwanangu simu.

Alikuja na sare, mchana huohuo, akavua kofia akaiweka juu ya runinga. Akaifungua kompyuta mahali ambapo sikujua kama panafunguka. Kuna kidirisha ukikiita kinakuja, kinaonyesha kila kinachofanya kazi ndani ya mashine wakati huo, hata vile usivyovianzisha wewe. Nilishangaa. Kumbe ndani ya ile picha ya maua walikuwamo wengi kuliko msikiti siku ya Idi. Majina marefu, mengine hayana pumzi katikati, herufi zimebanana tu. Na jina moja limerudiwa juu mpaka chini, kama nyumba ya mzee mwenye wake wanne ambamo kila mke amempa mtoto wake jina la babu.

Mwanangu akakunja mikono ya shati. "Huyu simjui," akasema, akamfunga. "Huyu pia simjui." Akamfunga. Mjukuu wangu akamwambia taratibu kwamba kutomjua si kosa la yule. Hakusikia. Alikuwa kazini.

Sisi wa umri wangu kazi ile tunaijua kwa jina lake, panda gari. Zamani wanajeshi walikuwa wanauzunguka mtaa asubuhi, kila wasiyemjua anapandishwa kwenye lori, na hakuna anayeulizwa anafanya nini. Kesho yake mtaa hauna mkate, maana aliyekwenda ni mwoka mikate. Mwizi mwenyewe yuko dirishani kwake, anatazama, maana mwizi anajuana na wenye lori.

Basi mwanangu akapandisha. Sauti ya kompyuta ikafa. Maua yakatoweka. Vialama vikatoweka. Akafunga mmoja wa mwisho, kioo kikawa cheusi kabisa, na paka akafumbua jicho moja. Wakaizima, wakaiwasha. Chai ikapikwa, ikanywewa. Ilipoamka, wote wale aliowakamata walikuwa wamerudi mahali pao, kila mmoja na kazi yake, kama vile hajawahi kumwona.

Mwanangu hakutaabika. Mtu wa ukoo wetu hapungukiwi na jibu. Alisema ndani mna virusi vya hali ya juu, hawa askari waliomo wamezidiwa, na Jumatano angekuja na mwingine mwenye nguvu kuliko wote. Akavaa kofia akaondoka. Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, askari wa nne.

Jumanne baada ya chai nilimwambia mjukuu wangu akiite tena kile kidirisha, anisomee waliomo.

"Jajja, ni majina ya kompyuta tu."

"Basi nisomee majina. Mimi nimeishi kambini. Watu mia wanapita na sufuria mlangoni kwangu na sijawahi kumtukana mmoja kabla sijamjua mama yake."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akawa anasoma jina moja, anauliza kwenye simu yake kazi ya jina lile ni nini, ananieleza. Nami namuuliza ninayowauliza wote, huyu kaja na nani, na anakula kiasi gani? Maana kile kidirisha kina kitu kizuri sana ambacho nyumba zetu hazina. Mbele ya kila jina kuna hesabu ya anachokula. Laiti ningekuwa nacho miaka ile shemeji zangu walipokuja kukaa kidogo.

Wengi walikuwa watu wa heshima. Mmoja kazi yake ni kusubiri kidole kiguse kitufe. Mwingine anashika saa. Lile jina la watoto wa babu mmoja, kila mtoto ana kazi yake tofauti, huyu anatunza intaneti, huyu sauti, huyu mwanga, na mwanangu alikuwa amewapandisha wote lori moja kwa kuwa wanafanana. Yuko mmoja anayengoja kupeleka karatasi kwenye mashine ya kuchapa, na sisi mashine ya kuchapa hatuna, hatujawahi kuwa nayo. Anangoja tu. Nikamwambia mjukuu wangu amwache, anakula kama ndege, na ananikumbusha mdogo wangu na migomba yake.

Nilielewa haraka kwa sababu niliwahi kukaa nyuma ya harusi. Wageni wanaona bibi harusi, ngoma na sahani zinazofika zina moshi. Nyuma ya nyumba kuna wanawake ambao hakuna anayewapiga picha. Mmoja anapepeta. Mmoja anachochea moto. Mmoja amekaa tu kwenye kinu, mikono mitupu, na bwana harusi akipita anafikiri huyu ni mvivu. Kazi yake ni kuwazuia watoto wasikaribie mafuta yanayochemka. Mfukuze, utaijua kazi yake mtoto akishaungua. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba baba yake amekaa harusi zote upande wa sahani.

Walikuwamo na wadoezi. Programu ya muziki aliyoipakua mara moja, sasa inaamka kila asubuhi kabla yake. Mwingine kaletwa na waliotengeneza mashine, kazi yake kuuliza kama umeridhika. Hao tuliwaonyesha mlango, tukawazuia wasijiamshe tena. Lakini walikuwa wanakula punje, na mashine bado inaunguruma. Basi nikasema tuwapange kwa ulaji, mlaji mkubwa akae juu. Akabonyeza mara moja, wakajipanga.

Watatu wa juu walikuwa na alama ya ngao.

Mjukuu wangu akawaonyesha kwa kidole, wa baba yake, wa mkwe, wa Luzira. Kisha akanieleza taratibu. Kila neno analoandika, mashine inalihifadhi. Likihifadhiwa, askari wa baba yake anaruka kulikagua. Askari wa mkwe anaona kitu kimeguswa, naye anakuja kukagua, tena anamkagua yule aliyekagua. Wa Luzira anaona wawili wamesimama juu ya neno moja, anawatilia shaka wote. Neno lenyewe ni "shamba" tu.

Mimi sikuhitaji zaidi. Mwaka mmoja wa taabu nilikwenda soko la Nateete na kikapu cha nyanya. Kwenye kizuizi cha kwanza polisi wakanifungulia kikapu wakapekua mpaka chini. Hatua chache mbele wanajeshi, na wao wakapekua, maana hawawaamini polisi. Getini askari wa soko, na yeye ana mikono. Nilipofika kwenye meza yangu nilikuwa ninauza mchuzi. Na mwizi wa soko lile, ambaye jina lake ninalo, alipita vizuizi vyote bila kusimamishwa, akiwasalimia.

"Waondoe," nikamwambia.

Akasema hawezi. Kila mmoja amefungwa kwa neno la siri la aliyemweka. Na hata angeweza, angemwambia nini baba yake, kwamba amemfukuza askari wake? Angemwambia nini babu wa Luzira, mtu mzima? Nikamwona anavyoogopa, mtoto yuko tayari kwenda kufua nguo za watu ng'ambo kuliko kumkosea adabu shemeji wa baba yake. Tumewalea vizuri sana watoto hawa.

Basi Jumatano nikapika pilau na kuwaita wote. Katika ukoo wetu hakuna amri inayotiiwa upesi kama harufu ya pilau. Wakaja, mwanangu na flashi yake mfukoni, yule askari wa nne amelala humo. Mkwe wangu na sare yake ya pasi. Binti yangu na mkoba ambamo picha za pasipoti hazikutoka. Mdogo wangu na fimbo. Kompyuta nikaiweka mezani katikati, imewashwa, kando ya kachumbari.

Niliwaacha wale kwanza. Mtu mwenye njaa huwezi kumwambia ukweli, anakuwa nao wake. Walipofika kwenye mifupa nikauliza kila mmoja askari wake amekamata nani tangu aajiriwe. Mkwe wangu akasema ulinzi mzuri ni ule usiokamata mtu, maana watu wanaogopa. Mwanangu akasema uchunguzi unaendelea. Mdogo wangu akasema yeye hajibu maswali ya usalama mbele ya chakula.

Na hapo, sijui ni Mungu au ni pilau, kompyuta ikalia. Kibandiko chekundu kikatokea kwenye kioo. Hatari imegunduliwa. Mwanangu akasimama, mkono una mafuta.

"Si mnaona? Si niliwaambia? Mwizi huyo hapo. Soma jina lake."

Mjukuu wangu akainama kusoma. Akasoma mara ya pili, bila sauti. Kisha akasema, amekaza macho kwenye sahani, kwamba askari wa baba amemkamata askari wa babu wa Luzira.

Binti yangu ndiye aliyecheka wa kwanza, akajifanya anakohoa. Halafu wanaume wakaanza. Mwanangu alisema yule wa Luzira lazima ana historia. Mdogo wangu alisema polisi wamezoea kukamata wasio na hatia, yeye ndiye aliyekuwa anawapokea, anajua. Mkwe wangu akasema kwa upole kwamba suluhisho ni kuwaondoa hao wawili na kubakiza mtaalamu mmoja. Kila mmoja alikuwa tayari kabisa kumtoa wa mwenzake. Nikawaacha kidogo, kisha nikagonga sinia kwa mwiko.

"Mimi nimelindwa maisha yangu yote," nikasema. "Nimelindwa na baba yangu, na mume wangu, na ninyi. Nyanya zangu mmezilinda mpaka zikawa mchuzi. Mimi nimezeeka, hainiumi. Lakini huyu kesho ana kazi ya kufanya, na akishindwa, atakayemwangusha si mwizi. Ni ninyi watatu mmekaa juu ya vidole vyake. Mtoeni kila mtu wa kwake, sasa, mbele yangu."

"Mama, atabaki bila ulinzi," mwanangu akasema.

Mjukuu wangu akathubutu. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kompyuta ina askari wake aliyezaliwa nayo, anakula kidogo, na hawa wengine walipokuja alisogezwa pembeni. Wakiondoka anarudi kazini mwenyewe.

"Na mkiona hafai," nikaongeza, "njooni kesho asubuhi mkae naye hapa mezani, watatu, na sare. Akikosa kazi, ninyi ndio mtakaompeleka uwanja wa ndege. Mimi siendi. Nitabaki nikiongeza jina lake kwa yale mengine."

Mwanangu aliufuta mkono wake kwa muda mrefu. Hakumtazama dada yake. Kisha akaivuta kompyuta, akafunika vitufe kwa kiganja kama mtoto anayeficha mandazi, akaandika neno lake la siri, na askari wake akaondoka. Mkwe wangu akafuata, alifanya haraka, mtu wa kampuni hapendi kubaki peke yake kwenye lindo. Ikabaki zamu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa amesahau neno lake.

Mtu aliyeshika funguo za Luzira mpaka nywele zikawa nyeupe, hajapoteza hata moja, alikaa mbele ya kompyuta ile na hakumbuki. Wakacheka mpaka mwanangu akasahau aibu yake. Kulikuwa na kidokezo alichojiandikia siku ile, maneno mawili, "wa kwanza". Akajaribu jina la mtoto wake wa kwanza. Likakataliwa. La mke wa kwanza, likakataliwa, na binti yangu akasema hata kompyuta inamkumbuka yule mwanamke. Akajaribu la mbwa. Mashine ikaonya kwamba akikosea tena itafunga kabisa. Mjukuu wangu akanitazama. Kesho ilikuwa ile pale, imekaa nyuma ya jina moja.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anajua. Alilijua tangu mwanzo, alikuwa anaona haya kuliandika mbele ya watu. Wakati ule tunakaa kambini, kabla hajaoa popote, kwenye nyumba za mabati upande wa wapiga tarumbeta alikuwepo msichana. Baba yake alimkataa mdogo wangu kwa sababu alikuwa hana cheo. Wakahamishwa. Hakuna aliyemtaja tena. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, ninachota maji, ninaona nani anachelewa bombani.

Nikainama kwa mjukuu wangu nikamnong'oneza jina lile sikioni. Akaliandika. Likafungua.

Hakuna aliyecheka. Wote walifikiri ni jina la ng'ombe au la bibi yetu, na mimi sikuwasahihisha. Mdogo wangu aliomba chai, akainywa bila sukari na hakuona. Nilipomsindikiza mpaka barabarani alisimama, akachimba chini kwa fimbo.

"Miaka yote hii, dada. Ulimkumbukaje?"

"Amekaa nyuma ya kichwa chako tangu siku hizo," nikamwambia. "Anakula kidogo, hapigi kelele. Ulidhani dada yako haoni waliomo?"

Akapanda boda bila kuniaga, na hiyo kwake ni shukrani.

Alhamisi mjukuu wangu aliiwasha kompyuta nami nikaenda kuwasha sigiri. Kabla mkaa haujashika, akaniita. Imeamka. Feni haikuunguruma hata kidogo, nikaweka sikio karibu nikadhani imekufa. Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti, nikamzuia muuza mihogo, nikamzuia jirani aliyekuja kusuluhisha ule ugomvi wa maji siku hiyo hiyo. Ndani nilisikia sauti ya mwanamume anayezungumzia mafuriko, haikatiki, na chini yake vidole, vinakwenda naye, kama miguu ya mtoto anayekimbia pembeni ya baba yake na kumfikia.

Kazi aliipata. Anaifanya mpaka leo, mezani kwangu, na maneno haya ninayoyaandika kwa mkono ndiye anayeyapiga kwenye mashine ileile, na kunisahihisha ninapokosea na hata nisipokosea. Picha za pasipoti senga yake bado anazo, anasema zitafaa siku moja. Ninajua zilipo.

Sikukuu ya Idi walikuja wote. Mwanangu alikaa katikati ya wageni, mguu juu ya mguu, akaeleza jinsi alivyomtafutia binti yake kazi. Alisema siri ni usalama. Alisema kompyuta ile, kabla hajaishughulikia yeye, ilikuwa imejaa virusi. Mkwe wangu akatikisa kichwa kukubali, na mdogo wangu naye akakubali. Mjukuu wangu akaniangalia, mimi nikampitishia mwanangu sahani ya nyama, nikamchagulia kipande chenye mafuta. Mtu wa ulinzi lazima ale.

Aliyepata hasara ni paka. Hewa ya moto haitoki tena pale pembeni, na asubuhi anaizunguka kompyuta, anainusa, anaigusa kwa mguu mmoja, halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyewafukuza.